Sahani ya Mama Mkwe Ndani ya Ziwa

Vijana wangu wa kituo, mnaniita Mzee Maji Safi na mnadhani ni jina la heshima. Juzi mmoja wenu alinitambulisha hivyo mbele ya wageni, amesimama wima kabisa, utadhani anamtaja askofu. Sikumkatiza, maana wageni walikuwa wamekuja na soda. Lakini leo nataka mjue ukweli. Jina hilo nilipewa na wavuvi wa hapa mjini Baraka kwa kunicheka, na walikuwa na haki ya kunicheka. Nimeandika kurasa hizi ili siku mtakapofanya upumbavu wenu, mjue kuna mtu alishawatangulia na bado anakula vizuri.

Kazi yangu ilikuwa kupima maji ya ziwa letu, Tanganyika. Nyinyi mna kile kidude cheusi: mnakishusha, kinasoma joto, kinapanda, kinawaandikia kila kitu kwenye simu, nanyi mnaendelea na mazungumzo yenu ya mpira. Sisi tulikuwa na kamba, chupa, kipimajoto cha kioo na sahani nyeupe. Vyote hivyo vilivunjika, viliibiwa au vilinitia aibu, na sahani ndiyo iliyonitia aibu kuliko vingine vyote.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Wilondja, mkuu wa kituo, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa redio na sauti kubwa kuliko mwili wake. Katika ujana wake alipelekwa masomo ya miezi michache pwani, Bahari ya Hindi. Wenzake walirudi na vitambaa na viatu. Yeye alirudi na jiwe jeupe lenye vitundu vidogo vidogo, akaliweka mezani lizuie karatasi zisipeperuke.

Siku yangu ya kwanza kazini, mchana, nilifungua ndagala zangu, wale dagaa wa ziwa letu, pale mezani nikazikamulia ndimu. Ndimu ikaruka, ikaangukia lile jiwe. Jiwe likaanza kutoa povu, tss, tss, tss. Niliruka nyuma, ndagala zote zikamwagika juu ya barua za serikali.

"Mzee! Jiwe yako iko napumua!"

Mzee Wilondja hakuinua hata kichwa. "Haipumue. Iko nakuliwa. Na weye Etabo, kwa nini unakula juu ya bureau?"

Baada ya kunifokea alinieleza, na nilisikiliza huku naokota ndagala. Lile halikuwa jiwe la kawaida. Ilikuwa nyumba ya mnyama wa baharini, mdogo kuliko kidole changu cha mwisho, anayejijengea kwa chokaa pamoja na maelfu ya ndugu zake. Watu wa pwani huyaita matumbawe. Ndani ya mwili wake anafuga mwani, mimea midogo isiyoonekana kwa jicho, na mwani huo ndio unaompa rangi na sehemu kubwa ya chakula chake. Sasa maji ya bahari yakipata joto kupita desturi, hata kwa kiasi kidogo lakini kwa wiki nyingi, mnyama anautema ule mwani. Anabaki mweupe pe. Mgeni akipita juu na mtumbwi anasema uzuri ulioje, kumbe anamsifu mtu mwenye njaa. Maji yasipopoa mapema, anakufa. Na moshi wa viwanda na magari, ile hewa yake isiyoonekana, sehemu kubwa inaingia baharini na kuyabadilisha maji, hivyo ujenzi wa nyumba ya chokaa unakuwa mgumu mwaka hadi mwaka.

"Bahari si ndimu," alisema, "na haitakuwa ndimu. Lakini iko naenda upande wa ndimu, na ule munyama nyumba yake ni chokaa."

Nikauliza swali ambalo niliona ni la akili sana. "Na huku kwetu, Mzee, ile matumbawe iko wapi?"

"Hakuna. Ziwa yetu iko na mambo yake."

Nikamshukuru Mungu kwamba hayatuhusu. Mnaweza kuiwekea alama shukrani hiyo, nitairudia.

Msidhani baada ya hapo nilikuwa mtu wa maana. Kanuni ya chupa mnaijua, au mngeijua kama mngekuwa mnasoma ukuta wa kituo: ukivuta maji ya chini, soma joto palepale, kivulini, kabla hata hujapiga chafya. Mimi niliogopa kipimajoto kisivunjike mtumbwini. Kwa hiyo nilikichomoa ndani ya chupa, nikakibana kwapani, nikatembea nacho taratibu mpaka kituoni, nikakaa mezani na kukisoma kwa utulivu. Nilifanya hivyo wiki tatu. Siku ya hesabu Mzee Wilondja aliangalia karatasi zangu, akaniangalia mimi, akaziangalia tena.

"Etabo. Hii ziwa iko na malaria?"

Nilimweleza njia yangu kwa fahari. Alicheka mpaka waya wa miwani ukakatika, kisha akazichoma karatasi zote mbele yangu. Joto la kwapa langu la wiki tatu halikuingia katika kitabu, na ninyi mnaotafuta pengo la siku hizo sasa mmepata jibu.

Kitabu hicho mnakijua, kile kikubwa chenye jalada jeusi. Maandishi ya kwanza ni ya watu waliomfundisha Mzee, kisha yake, miaka na miaka, kila wiki, joto la juu, joto la chini, na fundo la sahani.

Kuhusu sahani niwaeleze polepole, maana ndiyo kisa chenyewe. Tulikuwa na duara la bati, jeupe, lenye tundu katikati la kupitisha kamba na jiwe chini yake la kulivuta. Tuliliita disiki. Kamba ina mafundo, kila nusu mita fundo moja. Unaishusha upande wa mtumbwi wenye kivuli, jua likiwa juu, na miwani ya jua unaivua hata kama inakupendeza. Disiki ikipotea machoni, unahesabu fundo. Unaivuta polepole, ikionekana tena, unahesabu fundo. Katikati ya hayo mawili ndilo jibu lako. Maji yenye mwani mwingi huificha upesi, maji matupu huionyesha mpaka mbali. Hilo nilifundishwa siku ya pili, nikaliandika vizuri kwa wino, na sikulielewa mpaka miaka mingi baadaye.

Halafu vita vikafika. Siwezi kuvisimulia vyote na sitaki. Watu wa Baraka walitawanyika, wengine milimani, wengine kwenye mashamba ya ndugu, wengine wakavuka ziwa kwenda Tanzania. Mzee Wilondja alikuwa amechoka kiasi cha kubebwa mgongoni mpaka mtumbwini, naye njia nzima alimfokea aliyembeba kwamba hajui kukanyaga. Alipoketi, akanikabidhi kile kitabu kikiwa kimefungwa kwenye nailoni.

"Sikuombe uchunge nyumba yangu. Sikuombe uchunge mbuzi. Usiache tundu ndani ya hii kitabu. Na usiandike bongo."

Bongo ni uongo, kwa wale waliotoka mbali. Tundu ni wiki bila kipimo. Nililia, sioni haya kusema. Nililia mpaka mpiga kasia akaniuliza kama na mimi nasafiri. Nilimpenda mzee yule, na alikuwa ameniachia kitu kimoja tu cha kufanya duniani.

Mwezi haukuisha. Askari wa upande uliokuwa umeshika mji wakati ule waliweka bariere, yaani kizuizi cha kamba, barabarani, hatua chache kutoka kituoni. Mkubwa wao tulimwita Komanda Mapengo, mgongoni kwake bila shaka, kwa sababu meno yake matatu ya mbele yalikuwa yamekwenda na amri zake zilitoka na mluzi. Waliingia kituoni kutafuta redio. Kitabu hakikuwapendeza, tarakimu tupu bila hata picha moja. Kamba waliiona ya zamani. Lakini disiki! Ilipofika mchana ilikuwa inaning'inia katikati ya kamba ya bariere, imeandikwa kwa rangi nyeusi: ARRÊT, yaani simama. Na lazima nikiri ilikuwa alama nzuri sana. Ilionekana kutoka mbali, ndiyo kazi iliyotengenezewa.

Siku ya kupima ikafika na sina disiki. Nyumbani nilikuwa na sahani za plastiki, ambazo zinaelea, na sahani moja tu ya bati, nyeupe, yenye ukingo wa buluu na ua jekundu katikati. Hiyo ilikuwa ya mama mkwe wangu.

Nyinyi siku hizi mnakaa na wakwe zenu meza moja na kugombea paja la kuku. Kwetu haikuwa hivyo, na kwa mama mkwe wangu ilikuwa zaidi ya hivyo. Sikula mbele yake. Sikumtaja jina. Yeye naye hakuwahi kuniambia neno moja tangu nioe. Kama nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake, alimwambia binti yake, mke wangu Apendeki, "Ambia bwana yako mvua inanyesha juu yake." Apendeki asipokuwepo, alimwambia yeyote aliye karibu, hata mnyama. Sahani ile ilikuwa ya kumpokelea yeye peke yake akitoka kwake Lubondja. Siku nyingine zote ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa, na hata watoto wangu walijua kutoipigia kelele.

Niliichukua Apendeki akiwa sokoni. Nikaweka msumari katikati ya lile ua, nikapiga kwa jiwe, tundu la kamba likatokea. Nilijiambia, nitaliziba. Kisha nikamwambia mke wangu nimeificha sahani kituoni, askari wasije wakaichukua, naye akanisifu mbele ya majirani kwamba hakuna mkwe kama mimi. Alikuwa sahihi kuliko alivyojua.

Kwa hiyo kitabu hakikupata tundu. Tatizo likawa jingine. Wiki hadi wiki sahani ilikuwa inaonekana mbali. Nililinganisha na kurasa za zamani za msimu uleule: mafundo mawili zaidi, na wiki nyingine zaidi ya mawili. Nilifurahi kupita kiasi! Katikati ya habari mbaya za kila siku, hatimaye nina habari njema. Jumapili, baada ya matangazo ya ndoa, nikaomba nafasi, nikasimama mbele ya kanisa zima.

"Ndugu zangu, ziwa yetu imeponyeka. Maji iko safi kuliko wakati ya bazee wetu!"

Watu walipiga makofi. Kwaya ikaongeza wimbo mmoja. Nilitoka nje nikipeana mikono kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Kesho yake Assani, mvuvi jirani yangu na mwenye mtumbwi niliokuwa nautumia, alirudi ufukweni na nyavu zake. Alinionyesha ndani ya mtumbwi. Kulikuwa na ndagala za kujaza kofia.

"Ona, Maji Safi," akasema. "Leo nilivua maji safi mutumbwi muzima. Nikukaushie kidogo?"

Ufukwe mzima ulicheka. Na mimi nilicheka, nikidhani ni wivu.

Habari hiyo njema nilimwandikia Mzee Wilondja ng'ambo, nikamweleza pia disiki iko wapi na sahani gani imeshika kazi yake. Jibu lilikuja na mfanyabiashara, ndani ya mfuko wa chumvi, mistari michache kwa mwandiko wake wa kuchimba: "Etabo. Ya kwanza, sahani ya chakula si disiki. Pima zote mbili siku moja, saa moja, ulinganishe, ao miezi yako yote ni bongo ndani ya kitabu yangu. Ya pili, kama ni kweli, acha kuimba. Angalia jiwe yangu. Salimia batoto."

Lile la jiwe sikulielewa. Lakini la kwanza lilinikata maini. Niliahidi hakuna tundu na hakuna uongo, na huenda kila wiki niliyoandika ilikuwa uongo, nimeuandika kwa herufi nzuri. Dawa ilikuwa moja: kuazima disiki kutoka bariere.

Nilichagua siku tulivu. Saa sita nilipima na sahani, nikarudi pwani mbio, nikaenda nayo mkononi mpaka kwa Komanda Mapengo.

"Komanda, naomba arrêt yenu. Saa moja tu."

"Unaenda kusimamisha nani ndani ya maji?"

"Hakuna muntu, Komanda. Nataka kuishusha nione namna inapotea."

Alifikiri. Aliwageukia wenzake. "Muntu anaomba kintu yangu, apate kuona namna inapotea," akawaeleza, na mluzi wa neno "inapotea" ulichukua muda. Kisha akasema bariere haiwezi kubaki uchi, niache sahani yangu mahali pake, na kwa kuwa arrêt ni mali ya serikali, yeye mwenyewe ataisindikiza. Sikuuliza serikali gani. Wakati ule swali hilo halikuwa zuri kwa afya.

Basi sahani ya mama mkwe wangu ikaning'inizwa barabarani, na Komanda akaingia mtumbwini. Hapo ndipo tulipogundua kwamba alizaliwa huko ndani, mbali na ziwa, upande wa Kilembwe, na hajawahi kukalia maji. Alikaa katikati, bunduki kati ya magoti, mikono imeshika kingo mbili, macho amefumba. Assani alipiga kasia polepole kama anayebeba mayai. Nikageuza disiki, upande usio na maandishi uwe juu, nikaishusha. Komanda alifumbua jicho moja palepale inapopotea.

"Iko wapi? Arrêt yangu iko wapi?"

"Hii njo kazi yenyewe, Komanda. Tunangoja ipotee."

"Irudishe!"

Nikaivuta. Alipoiona akashusha pumzi. Nikaishusha tena. Mara ya tatu alikuwa ameachia kingo, ameinama juu ya maji, anahesabu mafundo kwa sauti kubwa kuliko mimi, na mara ya nne tulipotofautiana ikabidi tuhesabu upya kwa amri. Jibu likatoka: disiki ilionekana nusu fundo mbali kuliko sahani. Maana yake namba zangu hazikuwa uongo wa kuongeza. Zilikuwa zimepunguza. Maji yalikuwa matupu kuliko nilivyoandika.

"Ni muzuri?" Komanda akauliza.

"Sijui tena," nikasema.

Tukarudi nchi kavu. Kutoka mtumbwini tuliona barabara imejaa: baiskeli, wamama wenye kuni, wamesimama foleni nyuma ya bariere iliyo wazi kabisa, kamba imeinuliwa juu. Mbele yao, katikati ya njia, ameketi mwanamke mzee juu ya furushi lake, kuku amefungwa miguu mapajani. Mambo ya Lubondja yalikuwa yameharibika, akaja kwetu kwa miguu siku nzima, na kitu cha kwanza alichokiona Baraka ni sahani yake ikipepea kwenye kamba ya askari, na jua linapita ndani ya ua lake.

Askari kijana alikuja mbio kwa Komanda. "Chef, huyu mama alisimama yeye mwenyewe! Hatukumuambia kintu!"

"Mama, pita," Komanda akasema.

"Sipite. Ile ni sahani yangu. Nilikula ndani yake siku mutoto yangu aliolewa."

"Mama, ile ni arrêt."

"Basi nimesimama."

Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mgongo wa Komanda. Mama mkwe aliniona, akageuza uso kwa heshima kama desturi inavyotaka, kisha akamwinamia kuku.

"Kuku, ulizia miye huyu muntu anachungulia nyuma ya askari. Ni nani alitoboa maua yangu?"

Nimekutana na watu wenye silaha za kila aina miaka ile, na sijawahi kuona askari watano wakirudi nyuma hatua moja kwa pamoja isipokuwa siku hiyo. Komanda Mapengo mwenyewe alifungua kamba, akampa sahani yake kwa mikono miwili, akaning'iniza disiki yake haraka, na hakuniangalia tena.

Nyumbani hukumu ilikuwa ya chakula. Sahani ilipofika jikoni niliichukua kwa siri, nikajaribu kuziba tundu kwa nta ya mshumaa, nikapaka chaki juu. Apendeki alipika supu ya ndagala, zile chache zilizopatikana, na mama mkwe akadai iletwe ndani ya sahani yake. Mimi nilikuwa nje nyuma ya mlango, mahali pa mkwe. Nilisikia supu ikimiminwa. Kisha nikasikia tone, tone, tone, na miguu ya kuku ikikimbilia mkekani, maana nta na supu ya moto mnajua wenyewe. Apendeki alicheka mpaka akalia, na namwomba msamaha hata leo kwamba sikuweza kucheka naye.

"Kuku," sauti ya mama mkwe ikasema, "sema huyu muntu ajieleze."

Kuku alikuwa anakula. Na mimi nikamwambia kuku kila kitu, kupitia mlango: kitabu, Mzee Wilondja, tundu na bongo, disiki iliyochukuliwa, msumari. Nikamwambia maji yamekuwa safi sana, sahani inaonekana mbali kuliko zamani, na Mzee amekasirika nami sijui kwa nini.

Mama mkwe akasogeza sahani. Kisha: "Kuku, uliza. Alikuwa anaona maua yangu mbali?"

"Mbali, mama. Mbali sana."

"Apendeki, jaza tena. Ziba na kidole yako kwa chini."

Kilichobaki sufuriani kilikuwa maji yenye chumvi. Apendeki akajaza.

"Angalia, kuku. Siku supu iko na samaki, na mafuta, na nyanya, huone maua. Unakula mpaka mwisho njo unaona maua. Leo naona maua, naona na tundu yake. Supu iko safi. Sasa tuseme tumeponyeka?"

Vijana wangu, pale nje ndipo nilipoelewa. Lile jiwe jeupe mezani! Siku ya pili ya kazi yangu niliandika kwa wino kwamba maji matupu huionyesha sahani, na nikaenda kuyatangaza kanisani kama muujiza. Ziwa letu lina maji ya joto juu na ya baridi chini, na mbolea yote imelala chini. Upepo wa kiangazi, ule wa kusini, ndio unaokoroga na kuipandisha, mwani unaota, ndagala wanapata chakula chao, nasi tunapata chetu. Maji ya juu yakizidi kupata joto, yanakuwa mepesi mno, yanakaa juu ya yale ya chini na kukataa kuchanganyika, upepo unachoka. Mbolea inabaki chini, mwani unapungua, na maji yanakuwa safi. Matumbawe hatuna, lakini joto ni lilelile na njaa ni ileile. Kule inaonekana kwa weupe, huku inaonekana kwa ua la sahani. Niliogopa siku hiyo kuliko siku ya askari kituoni. Askari wangeondoka, nilijua.

Jumapili nikaomba nafasi tena. Padri alisita, akanipa.

"Ndugu zangu, nilikosa. Maji ile safi, iko safi kwa sababu hakuna kintu ndani."

Hakuna aliyepiga makofi. Nje, Assani, ambaye hata si mtu wa kanisa letu, alikuwa ananisubiri. Hakucheka. Alinishika bega tu, akasema, "Ah, Maji Safi," na jina likabaki.

Mama mkwe alikaa nasi mpaka vita vilipopoa. Sahani aliitoa kwa kazi, kupitia kuku: imeshaonja ziwa, alisema, haiwezi tena kuonja ugali. Kila wiki nilipita mbele yake nayo kwapani. Hakusema neno. Kuku naye siku moja hakuwepo tena, kwa uzee au kwa sufuria, Apendeki hajawahi kunieleza wazi. Wiki ileile nilipanda kutoka pwani, Apendeki ameenda shambani, watoto hawapo. Mama mkwe aliangalia kushoto. Aliangalia kulia. Hakukuwa na kiumbe. Akakohoa, akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza.

"Etabo. Leo umeiona mpaka fundo ya ngapi?"

Nilimwambia. Akatikisa kichwa, akainuka, akaongeza kikombe cha maji kwenye sufuria.

Mzee Wilondja hakurudi. Nilimpelekea nakala za kurasa zote, pamoja na marekebisho ya nusu fundo na kisa chote cha msumari. Barua yake ya mwisho ilikuwa na mstari mmoja: "Nimesoma yote, tundu moja tu naona, na iko ndani ya sahani." Niliisoma nikilia, nimesimama katikati ya soko, na sikujali nani ananiona.

Kidude chenu ni kizuri, siwadanganyi. Lakini sahani iko kwenye kabati la kituo, chini ya kitabu. Ishusheni mara moja kwa wiki, upande wa kivuli, mlinganishe na kidude kama tulivyolinganisha na arrêt ya Komanda. Msitie supu ndani yake. Na mkirudi pwani, mtu yeyote akiwauliza mmeiona mpaka fundo la ngapi, mwambieni ukweli, hata kama anauliza kupitia kuku.